Msumari wa Tano

Kumwonea wivu mtu aliye hai kuna nafuu yake. Unaweza kumsubiri anenepe, akosee jambo mbele za watu, achokwe. Irena Wojcik alikuwa amekufa miaka sita iliyopita, na makosa yake yote alikuwa amekwenda nayo. Corliss, aliyeolewa na mume aliyeachwa na marehemu, hakuwa na pa kumshikia.

Ndiyo maana Ijumaa ile ya mwisho wa Agosti, walipokuwa kwenye foleni ya magari langoni mwa hifadhi ya jimbo, mwendo wa saa moja kutoka Detroit, Corliss alikuwa amefunga mikono kifuani kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Alikuwa na miaka hamsini na sita, fundi wa kushona mapazia, na maisha yake yote hakuwahi kulala mahali pasipo na swichi ya taa. Thad, mumewe, mstaafu wa kiwanda cha magari, alikuwa akipiga mluzi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akija kupiga kambi hapa wikendi hii hii, kiwanja hiki hiki, namba arobaini na moja. Kukipata kulitaka upige simu miezi sita kabla, asubuhi ile ile laini zinapofunguliwa, na Thad alikuwa akipiga kwa simu mbili, moja kila sikio.

Mwaka jana tu ndio hakuja, kwa sababu ndoa ilikuwa mpya na Corliss alitaka hoteli. Mwaka huu alikubali, na alikuwa na sababu yake ambayo hakumwambia mume. Nyumba yake ndogo ya Dearborn, ya kabla ya ndoa, ilikuwa imepata mnunuzi, na Jumanne mnunuzi alitaka jibu. Corliss alimwambia dada yake kwenye simu, "Nikirudi kutoka huko bado ni mgeni, siuzi. Narudi kwangu, na Thad abaki na marehemu wake."

Foleni ikasogea. Msichana wa langoni akatoa kichwa dirishani. Ubavuni mwake palikuwa na bango kubwa lenye picha ya mdudu wa kijani.

"Karibuni. Kuna kuni zozote mmebeba kutoka nyumbani?"

"Hapana, binti," alisema Thad.

Corliss aligeuza shingo. Asubuhi ile alikuwa ameona kwa macho yake sanduku la mbao la kubebea tufaha limejaa kuni, na Thad akilifunika kwa turubai nyuma ya gari. Na huyu ndiye mwanamume aliyewahi kurudi maktaba kwenye mvua kukiri kwamba ni yeye aliyekunja ukurasa.

"Umemdanganya," alisema walipokwisha kupita.

"Kidogo."

"Siku hizi kuna uongo mdogo na uongo mkubwa?"

"Ni kuni kavu, mke wangu. Hazina hata gome. Dumuzi gani atakaa humo, ale nini?" Akaendelea na mluzi wake.

Habari za dumuzi huyo hakuna asiyezijua pande zile. Kwa miaka minne alikuwa ameimaliza jamii nzima ya mti mmoja, ule wa kutengenezea mipini ya zana na magongo ya besiboli, kuanzia Detroit na kuendelea. Husafiri ndani ya kuni za watu, ndiyo maana kubeba kuni kutoka nyumbani likawa kosa. Mti wa uani kwa Thad nao ulikufa umesimama, na vuli iliyopita akaukata. Majira yote ya baridi alijifungia na magogo yake chini ya nyumba, redio imewashwa, akipanda ngazi na vumbi kwenye nyusi. Corliss akimwuliza, jibu lilikuwa, "Nashughulika shughulika tu." Corliss alijua mtu anayeomboleza akimwona, akaacha kuuliza.

Kiwanja namba arobaini na mbili kilikuwa cha Gene na Marlys Dombrowski. Gene alifanya kazi na Thad bega kwa bega kiwandani, na Marlys mkewe alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa, asiyejua kumkumbatia mtu nusu nusu.

"Shemeji! Kumbe upo kweli! Sisi tulidhani Thad amekutunga."

"Nipo," alisema Corliss, akitafuta pumzi.

"Weka meza huku, upande huu. Irena alikuwa anaiweka huku, moshi usimfuate."

Hapo ndipo ilipoanza. Irena alikuwa anafunga kamba ya nguo kwenye mti ule. Irena alikuwa anachemsha mahindi na maganda yake. Irena aliwahi kumfukuza rakuni, yule mnyama mwizi wa vyakula vya kambini, kwa ndara. Kila jambo lilikuwa na historia na kila historia ilikuwa na Irena, na wote watatu walizieleza kwa furaha, bila ubaya wowote, jambo ambalo lilimuuma Corliss zaidi. Ubaya angeujibu.

Kisha Gene akatoa ubao wake na kuufunga kwenye shina la mti, kama alivyofanya kila mwaka. Ulikuwa ubao mrefu wenye misumari, na juu ya misumari zilining'inia uma ndefu za kuchomea mashmelo, zile peremende nyeupe laini ambazo watu wa kule hawawezi kukaa mbele ya moto bila kuzibabua na kuzibana katikati ya biskuti na chokoleti. Kila uma ulikuwa na mpini wa mbao, na kila mpini jina lililochomwa kwa chuma cha moto: GENE, MARLYS, THAD, IRENA.

Uma wa Irena ulikuwa umepakwa mafuta kama nyingine. Kumbe mtu aliye kaburini miaka sita bado anapakiwa mafuta mpini.

Pembeni kulikuwa na msumari wa tano, mpya, unang'aa, hauna kitu. Corliss, ambaye hakupenda kusimama bila kazi, alikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi. Akakitundika pale. Gene akakohoa. Marlys akamtazama Gene, Gene akatazama viatu vyake.

Jioni ile wakawasha kuni zilizouzwa langoni. Corliss akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, mbona zile za sandukuni haziwashwi.

"Zile za kesho," alisema Thad upesi mno.

Marlys akauangua uma wa Irena akamnyoshea. "Chukua huu, shemeji. Unakaa bure tu."

"Ahsante. Nitatumia kijiti."

"Kijiti kitaungua."

"Basi kiungue."

Kikaungua. Mashmelo ikadondoka ikazima kwenye majivu, na wote wakacheka, Thad naye akacheka, akamwambia, "Mbishi wewe!" Alisema kwa mapenzi, lakini Corliss alikwenda hemani kabla ya wengine. Alilala akitazama paa la kitambaa na kujiuliza ni upande gani wa hema alikuwa akilala yule mwingine. Alihisi ni upande wake.

*

Jumamosi asubuhi alimkuta Marlys bombani akiosha sufuria.

"Leo jioni usiwahi kulala, mwenzangu," alisema Marlys, akijaribu kuficha tabasamu na kushindwa.

"Kwani kuna nini?"

"Mimi? Mimi sijasema kitu. Thad ataninyonga." Akasugua sufuria kidogo, kisha akashindwa tena. "Lakini mtu mpaka abebe mti wa Irena aulete huku, na lile bango pale langoni! Thad, mwoga wa sheria vile!"

"Mti wa nani?"

"Si ule wa uani kwenu. Sisi miaka yote tunauita mti wa Irena. Basi, basi, nimefunga mdomo. Utaona mwenyewe jioni."

Corliss alirudi kiwanjani na ndoo imejaa nusu. Sasa alielewa kila kitu, au ndivyo alivyoamini. Sanduku lile lilikuwa la marehemu. Majira yote ya baridi, kule chini na redio, yalikuwa ya marehemu. Na leo jioni wangesimama kuzunguka moto, wavue kofia, wachome mti wa Irena mahali pa Irena, Thad alie machozi, na yeye Corliss ashike sahani. Yaani mume wake alikuwa ameidanganya serikali ya jimbo, macho makavu, kwa ajili ya mwanamke aliyekufa. Kwa ajili yake yeye, aliye hai, anayempikia supu na kumfungia vifungo vya shati, hakuwahi hata kuegesha gari mahali pasiporuhusiwa.

Kijiba cha roho hakimfanyi mtu kuwa kipofu. Humfanya aone vizuri sana kitu kimoja tu. Saa nane mchana, Thad na Gene wakiwa ziwani na ndoano zao, na Marlys ameenda dukani kutafuta barafu, Corliss alivaa kofia yake akafuata barabara ya changarawe mpaka kiwanja namba moja.

Pale aliishi Delbert, mwenyeji wa kambi, mzee aliyekaa hifadhini bure majira yote ya joto katika trela yenye maua na mabata wawili wa plastiki, naye kwa malipo ya kukaa huko alisafisha majivu ya watu na kujibu maswali yao ya kipuuzi. Alivaa beji kubwa kuliko ya polisi.

"Nilitaka kuuliza tu," alisema Corliss. "Mtu akiwa amekuja na kuni za nyumbani, inakuwaje?"

"Kiwanja gani?"

Bado angeweza kusema alikuwa anauliza tu. "Arobaini na moja."

Delbert akapitisha kidole kwenye daftari lake. "Wojcik. Si ndicho chenu?"

"Ndicho."

Mzee akavua miwani akamtazama kwa heshima iliyomfanya Corliss atamani ardhi ipasuke. "Mama, ningepata watu watano kama wewe, miti ile ingekuwa imesimama mpaka leo. Wengine hawasemi hata ukiwashika na shoka. Usiwe na wasiwasi, simtaji mtu."

Tusimwonee huruma kupita kiasi. Alijua alichokifanya, na njiani akirudi miguu yake ilikuwa myepesi kuliko ilivyokuwa tangu Ijumaa.

Alikuwa amekaa mezani akimenya viazi kigari cha umeme cha Delbert kilipokuja. Thad alikuwa ameketi ubavuni mwa mzee, fimbo ya ndoano bado mkononi, uso umempauka.

"Mama, samahani," alisema Delbert, naye akajitahidi kutomtazama Corliss. "Tumepata taarifa kwamba kuna kuni zisizoruhusiwa hapa. Mzee wako amekiri mwenyewe. Lazima zichomwe zote, hapa hapa, ndani ya saa moja, kisibaki hata kijiti. Yeye nampeleka ofisini akatie sahihi karatasi ya onyo, halafu narudi kukagua."

"Niache nichome kwanza, nitakuja kutia sahihi baadaye," alisema Thad.

"Ofisi inafungwa saa tisa na nusu, ndugu yangu. Mkeo yupo, moto upo."

"Hapana!" Thad alisimama nusu, kigari kikayumba. "Corliss, usiguse hilo sanduku. Umenisikia? Nakuja mwenyewe."

"Kwani mimi sijui kuchoma kuni?"

"Nimesema usiguse!"

Hakuwahi kumkemea hivyo tangu wajuane. Kigari kiligeuka, kikaenda zake kikilialia kwenye changarawe, na Thad akabaki amegeuza shingo akiangalia nyuma mpaka kona. Hakuwa anamwangalia mkewe. Alikuwa anaangalia gari, kule nyuma, penye turubai.

Corliss aliweka kisu chini. Kumbe hata kugusa haruhusiwi. Mkono wake unatosha kuosha soksi za Thad, lakini kwenye kuni za Irena ni najisi. Alisikia masikio yanamwaka moto.

Alivuta turubai, akalikumbatia sanduku lile mpaka kwenye duara la chuma la kuwashia moto, yeye asiyegusa kuni kwa kuogopa vibanzi na buibui, na akawasha. Hakumwita mtu. Jua lilikuwa kali, watoto wa viwanja vya jirani walikuwa wakipita na maboya kuelekea ziwani, na mwanamke mmoja akamwuliza kama anasikia baridi. Kuni zilikuwa nzuri, nyeupe, zimekatwa kwa msumeno zikalingana, na zilishika moto mara moja. Alitupa mbili mbili. Kila jozi aliyotupa ilimpa raha, na raha ile aliimeza taratibu. Hili hapa la rakuni na ndara. Hili la mahindi na maganda yake. Hili la upande wangu wa hema.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na kitu kilichoviringishwa gazeti. Kirefu kama mkono wa mtu na zaidi, tabaka nyingi za gazeti, na uzi umezungushwa na kufungwa kwa kifundo cha kipepeo. Kilikuwa kizito kuliko unene wake. Corliss alikishika kwa mikono miwili. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hiki ndicho chenyewe. Kuni nyingine zilikuwa kuni tu. Hiki kilikuwa kimefungwa kwa mapenzi. Angeweza kuvuta ncha moja ya uzi, na kifundo kingefunguka.

Hakutaka kuona jina la yule mwanamke limeandikwa tena. Alikiweka katikati ya moto, palipokuwa pekundu zaidi, na akaongeza kuni tatu za mwisho juu yake. Halafu akalitia na sanduku.

*

Thad alirudi mbio. Mtu wa miaka sitini na mitatu, mwenye goti bovu, alikuwa amekataa kusubiri kigari. Nyuma yake walikuja Gene kutoka ziwani na Marlys na mfuko wake wa barafu. Walipofika, moto ulikuwa umekwisha kushuka, makaa yamejaa duara zima.

"Sanduku lote?" aliuliza Thad.

"Lote. Si sheria?"

"Na kilichokuwa kwenye gazeti?"

"Na hicho pia."

Thad hakupiga kelele. Alichukua fimbo ya chuma ya kuchochea moto, akapiga goti lake zima chini, akaanza kupekua makaa polepole, kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga. Chuma kikagonga chuma. Akavuta, na kutoka kwenye majivu kikatoka kitu cheusi, chembamba, kirefu, chenye meno mawili upande mmoja. Upande wa pili, mahali pa kushikia, hapakuwa na kitu.

Marlys aliangusha barafu.

"Oo, Thad," alisema. "Oo, ulikuwa umemaliza."

Corliss alitazama meno yale mawili. Akatazama ubao kwenye mti, uma nne mahali pake, na msumari wa tano uliokuwa na kitambaa chake cha vyombo. Mambo mengine huchukua muda kuingia akilini. Hili lilimwingia lote kwa pamoja, akakaa kwenye benchi.

"Wa kwanza niliuharibu," alisema Thad, akizungumza na kile chuma. "Herufi saba. Nilifika kwenye zile mbili za mwisho, mkono ukateleza. Nikaanza upya. Ule mti ni mzuri kwa mpini, haupasuki, hauleti joto mkononi. Nikasema mdudu asiule wote." Akapangusa majivu kwa kidole. "Kuni zilikuwa mabaki yake tu. Nilitaka uuzindue kwa moto wa mti wake wenyewe. Ujinga wa mzee."

"Kwa nini uliuficha kwenye kuni?" aliuliza Corliss.

"Ndipo mahali pekee nilipojua hutatia mkono."

Gene, mtu mpole ambaye hakujua la kufanya na mikono yake, alitafuta wa kumkasirikia akampata. "Watakuwa wale wa thelathini na tisa! Wale wenye mbwa! Jana nilimwona yule jamaa anachungulia gari lako. Ngoja, mimi nakwenda kumwuliza, anafaidika nini kwenda kuchongea watu!" Na kweli alishaanza kuondoka, mabega juu.

"Gene," alisema Corliss. "Rudi."

"Niache, shemeji, watu kama hawa..."

"Si wao. Ni mimi."

Gene akasimama katikati ya barabara.

"Nilikwenda kwa Delbert kwa miguu yangu. Nilisema kiwanja, kila kitu." Hakuweza kumtazama Thad, akamtazama Marlys. "Uliniambia ni mti wa Irena. Nikadhani mnataka kumlilia, na mimi nisimame pembeni. Sikuweza. Namwonea wivu, haya, nimesema. Namwonea wivu kila asubuhi nikifungua kabati na kuona vikombe vyake. Nyumba ya Dearborn sijaiuza. Nilikuja huku kupima kama ninyi mna nafasi yangu."

Marlys alifunika mdomo kwa mkono wake mkubwa. Ni Thad aliyesema.

"Irena aliuchukia ule mti."

Corliss akainua uso.

"Aliuchukia kabisa. Kila vuli anafagia majani na kuutukana kwa Kipolandi mpaka majirani wafunge madirisha. Kila mwaka, Thad kata mti, Thad kata mti. Ndiyo maana tukauita wake, kumtania." Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. "Hukuuliza. Ungeniuliza ningekwambia. Mimi ni mtu wa kuambiwa, Corliss, sijui kusoma uso wa mtu. Lakini wewe hukuuliza, ulikwenda kwa Delbert."

"Unaweza kutengeneza mwingine?" Alijua jibu kabla hajamaliza swali.

"Kwa mti upi?" alisema Thad.

Alisimama kwa shida, akaenda kwenye ubao. Akakitoa kile kitambaa cha vyombo, akakikunja mara mbili, akakiweka mezani mbele ya mkewe. Halafu kwenye msumari wa tano akatundika chuma kile kama kilivyo, cheusi, bila mpini. Kilining'inia kifupi kuliko vingine.

Delbert alikuja kukagua, akaona nyuso, akakagua haraka na kuondoka bila kuaga.

Jioni iliingia. Gene aliwasha moto mwingine kwa kuni za langoni kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kutowasha. Walikula soseji zao. Kisha Marlys akaenda kwenye ubao, akauleta wake, wa Gene na wa Thad, akasita, akarudi kukaa. Hakumnyoshea mtu kitu safari hii.

Corliss aliinuka mwenyewe. Alipita nyuma ya benchi, akafika kwenye mti, akasimama mbele ya uma wa Irena na kile chuma kisicho na mpini kilichokuwa chake. Akauangua wa Irena. Alitegemea usimkae mkononi, na ulimkaa vizuri, mpini laini, umezoea vidole. Alimwonea wivu hata sasa, na sasa kuliko wakati wowote, kwa sababu Irena kwa miaka yote aliyokaa mahali hapa alikuwa ameacha mpini wake mzima.

Akarudi akakaa ncha ya benchi. Thad alikuwa ncha ya pili, na katikati yao wangeweza kukaa watu wawili. Akachomeka mashmelo, akainyosha motoni, na akasahau kuitazama, kwa kuwa alikuwa anatazama mikono ya mumewe, ile mikono iliyoandika jina lake mara mbili kule chini na redio, na yeye juu ya ngazi akikasirika. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

Ncha ya mashmelo ikaanza kuwa nyeusi.

"Inaungua," alisema Thad, bila kumgeukia.

Corliss hakusikia.

"Corliss. Inaungua hiyo. Geuza."

Akageuza.